Mafundi wa mifumo mikubwa ya biashara: Soko lipo, lakini msimu wake si mrefu

KATIKA idara za uhasibu na kompyuta za makampuni makubwa duniani kuna tarehe moja inayotajwa na wengine kwa hofu na wengine kwa matumaini. Tarehe hiyo ni Desemba 31, 2027. Siku hiyo kampuni ya SAP ya Ujerumani imepanga kumaliza huduma yake ya kawaida ya matengenezo kwa mfumo wake wa zamani wa kuendeshea biashara, unaojulikana kama ECC, ili wateja wahamie kwenye mfumo mpya wa S/4HANA.

Kwa wenye makampuni tarehe hiyo maana yake ni gharama. Kwa wataalamu wa kuirekebisha mifumo hiyo maana yake ni kazi. Ndiyo sababu vijana wengi wanaomaliza vyuo hapa nchini na nchi jirani wanaambiwa kwamba mwenye ujuzi wa SAP, Oracle au Microsoft Dynamics hawezi kulala njaa. Wazazi nao wanaombwa ada ya kozi na mitihani ya vyeti, ada ambayo kwa familia ya kawaida si ndogo. Wapo wanaofikia kukopa SACCOS au kuuza mifugo.

Kabla ng'ombe hajatoka zizini, ni vyema kujiuliza: je, soko la mafundi hawa ni la kudumu, au ni mvua ya vuli tu?

Kazi yenyewe ni ipi?

Mfumo mkubwa wa biashara ni programu moja inayounganisha shughuli zote za kampuni: ununuzi, ghala, uzalishaji, mauzo, mishahara na vitabu vya hesabu. Mzigo ukipokelewa ghalani, hesabu ya bidhaa inaongezeka, deni la msambazaji linaandikwa na mhasibu anaona mabadiliko hayo papo hapo, bila karatasi kuzunguka ofisi tatu.

Mfumo huo hununuliwa ukiwa tayari, kama suti ya mtumba. Ni suti nzuri, imeshonwa na fundi hodari, lakini ilishonwa kwa ajili ya mwili wa mtu mwingine. Mikono ni mirefu, kiuno kinapwaya. Lazima apatikane fundi wa kuipunguza hapa na kuiongeza pale. Mafundi wa namna hiyo wako wa aina tatu.

Wa kwanza ni mshauri wa shughuli. Huyu anaujua uhasibu, ghala au mishahara, na kazi yake ni kuuseti mfumo kwa kuchagua njia ambazo mtengenezaji ameshaziweka ndani: viwango vya kodi, mpangilio wa akaunti, nani anaidhinisha malipo ya kiasi gani. Huyu haandiki programu.

Wa pili ni mwandishi wa programu. Pale ambapo njia zilizowekwa na mtengenezaji hazitoshi, huyu huandika nyongeza. Kwenye SAP lugha anayoitumia ni ABAP. Huandika ripoti maalumu, fomu za ankara, madaraja ya kuunganisha mfumo na benki au mamlaka ya kodi, na programu za kuhamishia data za zamani. Kwa utaratibu wa SAP, majina ya nyongeza za mteja huanza na herufi Z au Y ili zisichanganyike na kazi ya mtengenezaji. Yapo makampuni yenye nyongeza za aina hiyo kwa maelfu.

Wa tatu ni msimamizi wa mitambo, anayehakikisha mfumo unawaka, data zinahifadhiwa na watumiaji wana ruhusa zinazostahili.

Makala haya yanawahusu zaidi fundi wa kwanza na wa pili, kwa kuwa ndio wanaoichonga mifumo, na ndio ambao soko lao linabadilika kwa kasi kubwa.

Ilikotoka neema

SAP ilianzishwa mwaka 1972 na wahandisi watano waliotoka IBM nchini Ujerumani. Toleo lake la R/3 la mwaka 1992 ndilo lililoitawanya duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 makampuni yaliogopa kwamba kompyuta za zamani zingeshindwa kuusoma mwaka 2000. Mengi yaliona heri kununua mfumo mpya kuliko kukarabati wa zamani. Ulaya nayo ilikuwa inaingiza sarafu ya euro, iliyoanza mwaka 1999. Mahitaji ya mafundi yakawa makubwa kuliko idadi yao, na malipo yakapanda.

Mwaka 2000 ulipopita, haraka ile ilikwisha. Wateja waliokuwa na hofu walikuwa wameshanunua. Mafundi waliobaki na kazi nzuri hawakuwa wale waliojifunza kubonyeza vitufe vya toleo moja, bali wale walioijua biashara ya mteja wao.

Historia hiyo inajirudia sasa kwa sura nyingine. Mfumo wa S/4HANA ulizinduliwa Februari 2015. Mwanzoni SAP ilitangaza kwamba huduma ya mfumo wa zamani ingeishia mwaka 2025. Februari 2020 ikasogeza tarehe hiyo hadi mwisho wa 2027, na kuruhusu nyongeza ya miaka mitatu, hadi 2030, kwa mteja atakayekubali kulipa zaidi. Mapema mwaka 2025 ikaongeza njia nyingine kwa baadhi ya wateja wakubwa wanaohamia kwenye huduma yake ya wingu, njia inayoweza kuwafikisha 2033.

Kwa mujibu wa kampuni ya utafiti ya Gartner, hadi mwisho wa mwaka 2024 ni takriban asilimia 39 tu ya wateja wapatao 35,000 wa mfumo wa zamani waliokuwa wamenunua leseni za mfumo mpya. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya mzigo wa kuhama ilikuwa bado iko barabarani.

Kwa nini kuhama ni kazi nzito

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini kampuni isibonyeze kitufe na kuhama, kama mtu anavyobadilisha toleo la programu kwenye simu yake. Jibu liko kwenye zile nyongeza za herufi Z.

Katika mfumo mpya, msingi wa data umepangwa upya. Majedwali mengi ya uhasibu yaliyokuwa yametengana yamekusanywa katika jedwali moja kubwa. Namba ya bidhaa, iliyokuwa na nafasi 18, sasa inaruhusu 40. Kumbukumbu za mteja na za msambazaji, zilizokuwa zikitunzwa mbali mbali, zimeunganishwa kuwa kitu kimoja. Programu iliyoandikwa miaka 15 iliyopita ikitarajia nafasi 18 au jedwali la zamani inaweza kukwama, au kibaya zaidi, inaweza kutoa jibu lisilo sahihi bila kulalamika.

Kwa hiyo kila nyongeza hukaguliwa. Ipo inayotupwa kwa sababu hakuna anayeitumia tena. Ipo inayorekebishwa. Ipo ambayo mfumo mpya tayari unaifanya kazi yake. Kuamua ipi ni ipi kunahitaji mtu anayeijua programu ya zamani, mpya, na biashara yenyewe. Watu wenye yote matatu ni wachache, na hao ndio wanaolipwa vizuri.

Gharama ya kuchonga kupita kiasi

Hata hivyo, si kila mteja anayetaka kuchongewa ananufaika. Mwaka 2018 kampuni ya maduka ya Lidl ya Ujerumani iliachana na mradi wake wa SAP ulioanza mwaka 2011, baada ya kutumia kiasi kinachokadiriwa kufikia euro milioni 500. Moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba Lidl ilizoea kuthamini mali iliyoko ghalani kwa bei ya kununulia, wakati mfumo wa kawaida wa rejareja ulitumia bei ya kuuzia. Badala ya kampuni kubadili mazoea yake, mfumo ndio uliolazimishwa kubadilika, na kila badiliko likazaa jingine.

Uingereza nako, Halmashauri ya Jiji la Birmingham iliuacha mfumo wa SAP na kuanza kutumia Oracle mwezi Aprili 2022. Bajeti ya mwanzo ilikuwa takriban pauni milioni 20, lakini makadirio ya baadaye yalipita pauni milioni 100. Sehemu iliyosumbua sana ni ile ya kulinganisha vitabu vya halmashauri na taarifa za benki, ambayo ilikuwa imechongwa kwa namna ya pekee. Watumishi walilazimika kufanya kwa mikono kazi iliyopaswa kufanywa na kompyuta. Septemba 2023 halmashauri hiyo ilitangaza rasmi kwamba haiwezi kumudu matumizi yake. Madai ya malipo sawa ya wafanyakazi yalikuwa mzigo mkubwa katika anguko hilo, lakini mfumo wa kompyuta nao ulitajwa.

Matukio ya aina hii yamewafundisha watengenezaji na wateja. Sera inayohimizwa sasa na SAP ni kuacha kiini cha mfumo kikiwa safi: mteja asiguse ndani, na kama ana mahitaji ya pekee, nyongeza ijengwe pembeni na kuunganishwa kwa milango iliyoruhusiwa. Mtu anaweza kudhani hii inamaliza kazi ya mafundi. Haimalizi, bali inabadilisha aina ya fundi anayehitajika. Aliyezoea kutoboa ukuta popote anapotaka hana nafasi tena. Anayejua kujenga kibanda imara nje ya nyumba na kuvuta waya kwa utaratibu ndiye anayetafutwa.

Somo lililokwisha kutokea jirani

Mabadiliko hayo si nadharia kwa Afrika Mashariki. Mfumo wa Microsoft Dynamics NAV ulienea sana Kenya, na kwa kiasi fulani hapa nchini, katika SACCOS, mashirika ya umma na asasi zisizo za kiserikali. Sababu yake ilikuwa wazi: fundi aliruhusiwa kuufungua na kuandika atakacho ndani kabisa kwa lugha iliyoitwa C/AL. Mikopo ya wanachama, hisa na gawio, vyote viliingizwa kwa njia hiyo.

Mwaka 2019 Microsoft ilifunga mlango huo. Toleo la Business Central lililotoka Oktoba mwaka huo halikukubali tena C/AL. Nyongeza zote zilitakiwa kuandikwa kwa lugha ya AL, kama vifurushi vinavyokaa nje ya programu ya msingi. Taasisi iliyokuwa imechongwa kupindukia ilijikuta njia panda: ama kubaki na toleo la zamani lisilopata maboresho, ama kulipia kazi yote upya.

Mafundi nao waligawanyika makundi mawili. Waliojifunza AL mapema walipata kazi za kuhamisha wateja. Waliobaki na C/AL waliendelea kutunza mifumo ya zamani, kazi ambayo ipo lakini inapungua kila mteja mmoja anapohama. Yanayowakuta mafundi wa SAP leo yana sura hiyo hiyo, ila kwa kiwango kikubwa zaidi.

Soko la hapa likoje?

Ni lazima kusema ukweli kwamba Afrika Mashariki si Ujerumani. Wanaotumia SAP ni makampuni makubwa tu, kwa mfano KenGen na Kenya Pipeline kwa upande wa Kenya. Serikali ya Kenya inaendesha fedha zake kwa mfumo wa IFMIS uliojengwa juu ya programu za Oracle. Makampuni mengi ya bia, sabuni na vyakula ambayo ni matawi ya kampuni za kimataifa hutumia mfumo uliochaguliwa makao makuu. Hapo maamuzi hufanyika nje, na mara nyingi mafundi wakuu wako nje pia. Tawi hubaki na watumiaji na msaidizi mmoja au wawili.

Hapa nchini Serikali imefuata njia tofauti. Kwa miaka mingi malipo yake yalipita kwenye mfumo wa Epicor kutoka nje. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2020, nafasi yake ilikuwa inachukuliwa na MUSE, mfumo uliojengwa na wataalamu wa ndani. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao nguvu ya kusimamia mifumo ya taasisi za umma. Kwa fundi maana yake ni mbili. Soko la kuchonga programu za kigeni serikalini limepungua, lakini nafasi ya kujenga na kutunza mifumo ya ndani imeongezeka.

Chini ya hao wakubwa kuna biashara za kati: viwanda vya kukoboa na kusindika, wauzaji wa pembejeo, mashamba makubwa, vyama vikuu vya ushirika, hospitali na shule binafsi. Hizi haziwezi bei ya SAP. Nyingi hutumia Tally ya India, Sage, au programu huria kama Odoo ya Ubelgiji na ERPNext ya India, ambazo msingi wake hupatikana bila ada ya leseni na mteja hulipia ufundi. Fundi mwenye bidii anaweza kuwa na wateja kadhaa wa aina hii bila kusubiri kampuni ya Ulaya imwite.

Kazi isiyoweza kuhamishiwa ng'ambo

Ushindani mkubwa kwa kijana wa hapa unatoka India, ambako makampuni kama TCS, Infosys na Wipro yana majeshi ya waandishi wa programu wenye uzoefu wa miaka mingi. Kama kazi ni kuandika ripoti ya kawaida, mteja hana sababu ya kuipeleka Dar es Salaam au Nairobi badala ya Bangalore.

Lakini zipo kazi ambazo mtu wa mbali huzipata kwa shida, nazo ni zile zinazofungamana na sheria na desturi za mahali. Chukua mishahara nchini Kenya. Kodi ya makazi ya asilimia 1.5 ilianza kukatwa mwaka 2023, ikapingwa mahakamani, ikarudishwa kwa sheria mpya Machi 2024. Oktoba mwaka huo huo mfuko wa afya wa NHIF, uliokuwa ukikata kwa jedwali lenye kikomo, ulipisha SHIF inayokata asilimia 2.75 ya mshahara ghafi bila kikomo cha juu. Kila badiliko lilihitaji mtu wa kuingia kwenye mfumo wa kila mwajiri na kurekebisha kabla ya mwisho wa mwezi. Hapa nchini, tozo ya kuendeleza ufundi stadi inayolipwa na waajiri ilishuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5 mwaka 2023. Ni namba ndogo, lakini ikikosewa mwajiri anapigwa faini.

Aidha, mamlaka za kodi zinataka ankara ziende kwao moja kwa moja. Tanzania ilianza na mashine za EFD mwaka 2010. Kenya ilileta eTIMS mwaka 2023, na tangu Januari 2024 matumizi yasiyo na ankara ya mfumo huo kwa kawaida hayakubaliki kupunguza kodi ya mapato. Mfumo wa biashara usiozungumza na mamlaka ya kodi ni mzigo kwa mwenye nao. Daraja la kuviunganisha hujengwa na fundi anayeijua sheria.

Shamba nalo linahitaji fundi

Hapa ndipo wengi wanaotafuta ajira hii hawatazami. Mifumo mikubwa ilibuniwa kwa ajili ya kiwanda kinachonunua chuma kwa kilo na kuuza magari kwa idadi. Mazao hayafuati utaratibu huo.

Kahawa hupokelewa ikiwa mbivu au ya maganda, na uzito wake hubadilika kila hatua hadi kuwa safi. Miwa ya wakulima wa nje hulipwa kwa tani na pia kwa kiwango cha sukari kilichomo. Korosho hupimwa kwa daraja, huwekwa ghalani kwa stakabadhi, huuzwa mnadani, kisha fedha ya mkulima hukatwa tozo na gharama mbalimbali kabla haijamfikia. Mkulima mmoja anaweza kuleta mzigo mara tano, kwa majina mawili yanayofanana na ya jirani yake, na namba ya simu iliyokwishabadilika.

Mfumo wa dukani hauyajui hayo. Fundi akikosea fomula ya makato, anayeumia si kampuni bali mkulima, na malalamiko yataishia kwa mwenyekiti wa AMCOS ambaye hana majibu. Akiiweka sawa, mkulima anaweza kupewa karatasi inayoonyesha kilo zake, bei ya mnada na kila senti iliyokatwa. Katika ushirika ambao umevunjwa moyo na hesabu zisizoeleweka, karatasi hiyo ina thamani kuliko semina nyingi.

Mahitaji mapya yanakuja pia kutoka nje. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 dhidi ya ukataji wa misitu inataka kahawa, kakao na mazao mengine machache yanayoingia huko yaonyeshe shamba yalikotoka. Shamba linalozidi hekta nne linatakiwa kuwa na ramani ya mipaka yake. Dogo linaweza kuwa na nukta moja tu ya mahali lilipo. Kuanza kwa utekelezaji kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wameanza kuuliza. Msafirishaji wa kahawa anahitaji mfumo unaoweza kuuonganisha mfuko ulioko bandarini na shamba la Mbozi au Mbinga. Hiyo ni kazi ya kuchonga, na anayeifaa ni mtu anayejua mfumo na pia anajua jinsi kahawa inavyokusanywa.

Akili mnemba na ngazi iliyokatwa

Hatari nyingine ni ya ndani ya fani yenyewe. Programu za akili mnemba sasa zinaandika msimbo, zinaeleza programu ya zamani inafanya nini, na kupendekeza jinsi ya kuirekebisha. SAP yenyewe ilitangaza msaidizi wake aitwaye Joule mwaka 2023, na inaendelea kumwongezea uwezo wa kusaidia waandishi wa ABAP. Januari 2024 kampuni hiyo ilitangaza mpango wa kupanga upya nafasi zipatazo 8,000 ikielekeza nguvu kwenye teknolojia hiyo.

Fundi mzoefu anaweza kunufaika, kwa sababu kazi ya siku tatu anaimaliza kwa siku moja. Anayebanwa ni anayeanza. Zamani kijana aliajiriwa kuandika ripoti ndogo ndogo, akikosea na kurekebishwa, hadi akawa mtaalamu. Kama ripoti hizo zinaandikwa na mashine, ngazi ya kwanza imekatwa. Waajiri wenye kuona mbali watalazimika kutafuta njia nyingine ya kuwakuza vijana; wasio nayo watalalamika miaka kumi ijayo kwamba wataalamu hawapatikani.

Somo la vanila

Wakulima wa Kagera na wa Uganda wanaielewa hadithi hii kuliko wataalamu wa kompyuta. Kimbunga kiliipiga Madagascar mwaka 2000, kisha nchi hiyo ikaingia kwenye mgogoro wa kisiasa mwaka 2002. Bei ya vanila duniani ikapanda hadi dola mia kadhaa kwa kilo ilipofika 2003 na 2004. Kila aliyesikia akapanda. Lakini mmea huo huchukua takriban miaka mitatu kuzaa. Mavuno ya wengi yalipotoka, bei ilikuwa imeporomoka mwaka 2005. Aliyenufaika ni yule aliyekuwa na mashina kabla ya bei kupanda.

Ujuzi nao una muda wake wa kukomaa. Kozi ya miezi mitatu humpa mtu cheti, lakini kuaminiwa kushika hesabu za kampuni huhitaji miaka miwili au mitatu ya kazi halisi. Anayeanza leo kwa sababu tu ya tarehe ya 2027 atakomaa wakati haraka hiyo inaelekea ukingoni. Ucheleweshaji wa wateja na nyongeza ya hadi 2030 unampa nafasi, lakini si busara kujenga maisha yote juu ya tarehe iliyowekwa na mwenye duka.

Hesabu ya kijana na mzazi

Kwa kuzingatia hayo, fedha ya familia haipaswi kwenda kwenye cheti kwanza. SAP ina masomo ya bure kwenye intaneti na mazingira ya majaribio. Odoo na ERPNext zinaweza kuwekwa kwenye kompyuta ya kawaida bila ada ya leseni. Kijana aliyeshindwa kukaa miezi sita na vitu vya bure hatabadilishwa na ada ya mamilioni. Cheti kifuate baada ya kuonekana mwelekeo, na hasa pale mwajiri anapokitaka.

Jambo la pili ni kuchagua upande wa biashara wa kuujua kwa undani. Mhasibu aliyetoka IFM, Mzumbe au Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, akijifunza kuseti mfumo na kuandika programu ndogo, ana nafasi nzuri kuliko mwandishi wa programu asiyejua tofauti ya debiti na krediti. Vivyo hivyo kwa mtaalamu wa kilimo anayejua mnyororo wa zao moja tangu shambani hadi bandarini.

Jambo la tatu ni kujifunza njia mpya, siyo ya zamani peke yake. Kwenye SAP ni nyongeza zinazokaa nje ya kiini. Kwenye Business Central ni AL. Ya zamani isomwe kwa lengo la kuisoma na kuihamisha, kwa kuwa wateja wengi bado wanayo.

Jambo la nne ni kujiandaa kwa kazi ya mikataba. Miradi ya kuhama huisha. Fundi anayelipwa vizuri kwa miezi minane anaweza kukaa minne bila kitu. Bila akiba, malipo makubwa hugeuka madeni.

Kwa upande wa waajiri, hususan vyama vya ushirika na viwanda vya kati, somo la Lidl na Birmingham ni kwamba si kila desturi ya ofisi inastahili kuchongwa ndani ya mfumo. Makato ya mkulima ni lazima yachongwe, kwa kuwa ndivyo biashara ilivyo. Fomu yenye sahihi saba kwa ununuzi wa kalamu heri iachwe. Fundi mwema ni yule anayeweza kumwambia mteja wake hapana, na kumweleza kwa nini, hata kama hapana hiyo inampunguzia malipo.

Soko la mafundi hawa, basi, lipo. Lakini halimsubiri aliyesoma kitabu cha jana, wala halimjali mwenye cheti asiyejua ghala linavyofanya kazi. Suti za mtumba zitaendelea kuletwa, na zitaendelea kuhitaji mafundi wanaoujua mwili wa mvaaji. Mzazi aliyekwisha kumshika ng'ombe kamba shingoni na amrudishe zizini kwa miezi sita, amwangalie kijana wake anavyotumia vile vya bure, ndipo aamue.